Kama Unaendesha Gari, Egesha

Sisi tuliochunga mbuzi na kaptura zenye madirisha mawili nyuma tunakumbuka kwamba kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kuleta habari ya kifo. Kwetu, upande wa Bungoma, alikuwa Mzee Sifuna. Huyu mzee alikuwa na koti jeusi zito, la mzungu fulani aliyehama au aliyekufa, sijui, na alilivaa hata kwa lile jua la Januari linalopasua midomo. Ukiona koti linashuka njia ya mtoni, mama yako anaacha kupepeta wimbi, anaanza kuhesabu ndugu zake kwa vidole.

Lakini Sifuna hakusema neno. Aliomba maji kwanza. Akishakunywa anauliza, yule ng'ombe wa madoa amezaa? Anasifu mtama. Anauliza nani yuko nyumbani, na kama baba hayupo, anamngoja baba. Wewe mtoto umesimama nyuma ya mlango, viazi vitamu vinaungua jikoni na hakuna anayevitoa. Ndipo anavua kofia, anataja jina. Mama alikuwa akituambia, "Muone adabu ya huyu mzee. Wengine wanamwaga kifo mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo."

Tabu ni kwamba adabu ile ilimharibia maisha. Akija kuazima jembe, watu wanalia. Alipofiwa na mkewe, akakaa, kisha akatoka kwenda kuchumbia mjane mmoja ng'ambo ya mto, amefika tu, ameomba maji, mama wa yule mjane akaanguka chini akipiga nduru. Alasiri nzima iliisha wakimweleza kwamba mzee amekuja kwa heri. Kufikia hapo hamu ya kuoa ilikuwa imemtoka.

Sijui kwa nini nimeanza na Sifuna. Nilitaka kusema habari ya redio. Ngojeni, nitafika.

Redio kwetu ilikuwa moja, ya mwalimu wa shule ya msingi, na ilivalishwa kitambaa kama bibi harusi. Betri zikichoka zilianikwa juani pamoja na omena, na sisi tulipewa kazi ya kufukuza kuku wasidonoe omena, wala si betri, ingawa kuku mmoja alidonoa betri na akaishi. Jioni tulikaa chini nje ya dirisha la mwalimu kusikiliza salamu. Mtu wa Kitale anamsalimia mtu wa Voi, pamoja na wote wanaomfahamu, na sisi ambao hatumfahamu tunaitikia. Huyo mwalimu ndiye aliyenifukuza shule baadaye. Nilisoma mpaka darasa la tano, na la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo mkitaka hesabuni sita.

Marekani nilikuja miaka ya tisini nyuma ya mke wangu, kama sanduku. Yeye alikuwa nesi, alikuwa na makaratasi, alikuwa na Kiingereza. Mimi nilikuwa na mikono. Tukapanga Sharpstown, kusini-magharibi ya Houston, ghorofa ya pili, juu ya familia ya Wahonduras waliokaanga vitunguu toka asubuhi. Mke wangu akashika kazi hospitalini, mimi nikashika kazi kwenye ghala la kuku waliogandishwa. Unavaa koti zito Agosti, nje watu wanayeyuka. Ndiyo nikamkumbuka Sifuna mara ya kwanza huku ughaibuni, kwa ajili ya koti.

Pale ghalani nikakutana na Papa Ilunga. Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, shati limepigwa pasi hata mahali ambapo hakuna wa kuliona isipokuwa kuku. Kwao alikuwa mpiga santuri kwenye baa kubwa, mtu wa kuheshimika, na hapa alikuwa anaendesha ile mashine ya kuinua mizigo. Nilimuuliza siku ya kwanza kama anaona uchungu. Akasema, "Wafula, hii mashine nayo inazungukaka. Iko sawa santuri, lakini ya kilo mingi."

Alikuwa amekodi saa moja kila Jumamosi kwenye redio fulani ndogo, moja ya zile redio za zamani ambazo usiku mawimbi yake yanapotea na mchana yanakwaruza. Kila saa ilikuwa na wenyewe. Kabla yetu walikuwa Wavietnamu, baada yetu mhubiri wa Nigeria. Studio ilikuwa nyuma ya duka la matairi, kwa hiyo humo ndani palinuka mpira, zulia lililolowa na mchuzi wa samaki wa Wavietnamu, ambao ulikuwa mtamu, na siku nyingine walituachia kidogo kwenye bakuli. Papa akahitaji mtu wa simu. Mwenye simu anapokea, anasikiliza nani anamsalimia nani, anapitisha. Nikasema mimi kuandika ni polepole. Akasema, "Basi usiandike. Shika kichwani kisha uniambie kwa mudomo." Kazi ndiyo ikawa hiyo. Nilikuwa ninashika majina kichwani kama mtu aliyebeba mayai mfukoni, nikiwabeba Mama Rehema na watoto wake, nesi wa Pearland anayewasalimia wenzake wa zamu ya mchana, wanafunzi wa Kenya wenye njaa, mpaka nifike kwa Papa niyatue.

Vijana, ninyi mnaosikiliza watu waliojifungia chumbani wakiongea saa tatu juu ya kitu kimoja, hamjui ile kazi. Mjukuu wangu nilimweleza. Nikamwambia, mtu alikuwa anaongea juu ya mwanzo wa wimbo, gitaa linakuja, anaendelea kuongea, anawasalimia watu, anacheka, na nusu ya pumzi kabla mwimbaji hajafungua mdomo, ananyamaza. Hagongani naye hata mara moja. Hana saa, hana taa, anajua kwa mwili. Mjukuu akanitazama kwa huruma akasema, "But Babu, why didn't you just skip the intro?" Nikaenda kunywa maji.

Papa alivaa hedifoni sikio moja, lingine aliliacha wazi kwa ajili yangu. Sidii ikikwama, na zilikwama kwa sababu tulizihifadhi kwenye soksi, hakukimbilia kuitoa. Aliiacha irudie neno lile lile, akasema, "Mnasikia? Huyu bwana anaomba musamaha kwa bibi yake, na bibi anakataa." Watu walipiga simu wakicheka. Alikuwa na maneno yake ya kwenda kwenye matangazo ya biashara, "Musiende mbali, narudi sasa hivi," na kweli alikuwa anarudi sasa hivi, kwa sababu tangazo lilikuwa la duka moja la magodoro na mwenyewe alilisoma kwa haraka kama mtu anayekunywa dawa.

Siku moja simu ikalia, mama mmoja wa Gulfton, sauti juu. "Baba, mwambie Papa breakdown imeingia kwetu." Yaani lori la kuvuta magari. Kule kwenye maghorofa yetu, ukiegesha bila kile kibandiko cha mpangaji, gari lako linakwenda na unalikuta mbali sana, limefungiwa kama mbuzi mwizi. Nikampitishia Papa. Akakata wimbo katikati. "Batu ba Gulfton, nyumba ile ya rangi ya bluu. Breakdown iko kwenu. Sirudii." Yule mama alituhadithia baadaye kwamba milango ilifunguka yote kwa pamoja, wanaume na taulo, akina mama na sabuni masikioni, mchungaji mmoja na soksi ya mguu mmoja, kila mtu na ufunguo wake. Dereva wa lori alidhani ni moto. Akaondoka mikono mitupu. Hiyo ndiyo redio. Inajua breakdown imeingia geti gani, saa hii, wakati wewe bado una sabuni.

Sasa nimefika kwa vifo.

Watu wetu walikufa huku kama kwingineko, na ukifa ughaibuni lazima watu wajue, kwa sababu kuna mwili wa kuzika au kusafirisha na kuna mama wa kukaa naye. Papa alikuwa na taratibu yake. Kwanza hakutangaza mpaka ndugu wa karibu wameambiwa uso kwa uso. Kama kuna dada Haltom City, kule Fort Worth, anatafutwa jirani wa kanisani, anakwenda kugonga kwanza. Kama ni hapa Houston, alinituma mimi. Mimi, na koti la ghalani. Nilikuwa nafika, naomba maji, nauliza watoto wanaendeleaje shuleni. Ndiyo sababu nimeanza na Sifuna, sasa naona.

Halafu Jumamosi, katikati ya saa, aliuzima muziki. Hakuuteremsha, aliuzima. Akaacha kimya, kimya kirefu mpaka ukadhani redio imekufa. Kisha akasema, na hapo aliacha Kiswahili cha Lubumbashi, akavaa kile cha kwetu ili kila mtu aelewe, "Kama unaendesha gari, egesha. Kama umebeba mtoto, mpe mwingine. Kama uko peke yako, gonga kwa jirani." Kimya tena. Ndipo jina.

Watu walitii. Kulikuwa na Jumamosi moja alitangaza mzee mmoja aliyependwa na wengi, na kwenye ile barabara kuu ya kusini-magharibi magari yakaanza kutoka pembeni, moja hapa, moja pale. Manesi wawili Wakenya na sare zao, familia ya Wakongo na watoto nyuma, na kijana mmoja wa Tanzania aliyekuwa anapeleka piza. Hawakuwa wanajuana. Walijuana pale pale kwenye mawe ya kando ya barabara, kwa kulia. Polisi akasimama, akauliza ni ajali? Nesi mmoja akamwambia, "No officer, tulikuwa tuna-drive tu." Polisi akaangalia magari yote mazima, watu wote wanalia, akasubiri nyuma yao na taa zake zikiwaka mpaka walipomaliza. Piza ile nadhani haikufika.

Siku hizi mnapata vifo kwenye group ya simu. Juu kuna plot inauzwa Kitengela, chini kuna keki ya mtoto aliyetimiza mwaka, katikati marehemu. Watu wanatuma vile vikatuni vya kulia, machozi mawili mawili, na yeye aliyetuma yuko kwenye foleni ya kuku wa kukaanga anachagua paja au kidari. Hakuna anayeambiwa aegeshe. Mke wangu alipata kifo cha dada yake hivyo, akiwa amesimama kwenye lifti ya hospitali na watu wanene pande zote. Lakini hilo si la leo.

Basi redio ikauzwa. Sisi hatukujua kwamba redio inauzwa kama ng'ombe, na wewe mkodi ni kupe tu unakwenda nayo. Wenyewe wapya walikuwa Dallas. Wakamtuma kijana mmoja mwenye kikombe kikubwa cha kahawa ya barafu, mpole, wa adabu, kila neno "sir". Akatueleza kwamba kuanzia sasa hakuna kuja Jumamosi. Papa atakuja siku moja kwa mwezi, atarekodi Jumamosi zote kwa mkupuo, sauti zitapelekwa kwenye kompyuta iliyoko Dallas, na kompyuta itachanganya sauti, nyimbo na magodoro, irushe yenyewe saa ikifika. Hatakuwapo mtu. Papa akamuuliza, "Na simu?" Kijana akasema simu itabaki pale, hakuna atakayeiondoa. Alidhani anatufariji.

Papa alikataa. Kijana akasema kwa upole kwamba kama hataki, saa ile wataipa watu wa dawa za kupunguza tumbo, na Kiswahili kitatoka hewani Houston nzima. Akampa wiki moja afikirie. Tukakaa kwangu Sharpstown, mimi, Papa na mke wangu, tunakula ugali na samaki. Mke wangu akasema, "Shemeji, angalau tutakuwa na kitu. Kile kitu chenyewe kitakuwa ni wewe." Papa akageuza geuza mfupa. Akasema, "Mama Nekesa, kile kitu hakitajua kama kunanyesha." Lakini alikubali. Alikubali kwa ajili ya akina mama wale wapya waliokuwa wameanza kuletwa kutoka kambi za wakimbizi, wasiosoma, wasio na Kiingereza, ambao Jumamosi ilikuwa siku pekee ukuta wa nyumba unawaongelesha kwa lugha yao.

Nilikwenda naye kurekodi mara ya kwanza, kwa mazoea tu, kazi sikuwa nayo tena. Nikakaa na simu yangu mapajani. Mtu anaongea na ukuta. "Habari ya leo, jua limetoka vizuri," na dirisha hakuna. Anacheka, ananyamaza, anacheka tena kwa Jumamosi ijayo. Salamu ndizo zilimsumbua, kwa sababu hakuna anayepiga. Akaanza kusalimia kwa kukisia. Mama Rehema husalimia kila wiki, basi tumsalimie. Wanafunzi wana njaa kila wiki, basi tuwasalimie na njaa yao. Na Byamungu, lazima.

Byamungu nimwelezee. Kijana wa Bukavu, tulikuwa naye ghalani, mbavu nyingi kuliko nyama, mchezaji wa dansi asiyechoka. Alikuwa na viatu vyeupe vyenye ncha, alivibeba kwenye mfuko wa plastiki mpaka kazini, akavivaa mapumziko, akacheza kati ya makatoni ya kuku akitoa moshi mdomoni kwa baridi. Mama yake, tuliyemwita Koko kama wenzake walivyomwita, alikuwa amefika karibuni kutoka kambini, anaishi naye. Kila Jumamosi Papa alimchokoza hewani, na kila Jumamosi alipiga simu kujibu, nami nikampokea. "Wafula, mwambie huyo muzee, mimi nikicheza, yeye abebe kiti." Ilikuwa mchezo wao.

Jumamosi ya kwanza ya kompyuta ilinyesha ile mvua ya Houston inayogeuza barabara kuwa mto. Sharpstown magari yalikuwa yameloa mpaka viti. Redio ikatuambia jua limetoka vizuri. Watu walicheka, wengine wakakasirika, wengi wakapiga simu kumwambia Papa achungulie nje. Simu ililia kwenye chumba kitupu nyuma ya duka la matairi. Fundi wa matairi aliniambia aliisikia mpaka akachoka.

Majuma yakapita hivyo, tukaanza kuzoea, mtu huzoea hata harufu ya ghala. Halafu Alhamisi moja Byamungu akaanguka mlangoni pa chumba cha baridi, katoni mkononi. Moyo ulisimama. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Papa na mimi tukavua glavu tukaenda kwa Koko. Niliomba maji. Niliuliza amelalaje. Yule mama alitoka kwenye vita na kambi, hahitaji kufundishwa. Aliniangalia nikinywa, akaketi chini mwenyewe kabla sijamaliza bilauri.

Alipoweza kusema, alimwomba Papa kitu kimoja. Hakuomba kingine. Alisema yeye hapa hajui mtu, hajui barabara, hajui jinsi mji huu unavyoambiwa jambo. "Weye uwaambie, Papa. Vile unawaambiaka. Bakusikie, bakuje. Mutoto yangu asiende sawa katoni." Papa akamshika mikono yote miwili akamwahidi.

Tukatoka nje kwenye ngazi. Papa akampigia yule kijana wa Dallas kwa simu yangu, akamweleza kuna msiba, tangazo lazima liingie Jumamosi hii. Kijana akasema pole sana sir, hakuna shida, sema tu hapo kwenye simu, nitalirekodi, nitaliweka. Papa akageukia ukuta, akafunga macho, akasema maneno yote na vimya vyake vyote. Mimi niliegemea chuma cha ngazi, machozi yananitoka, mtu wa kuku. Kijana akasema, nimelipata, sauti nzuri sana sir, litakwenda hewani. Na alisema kweli. Alilipata na alilipeleka hewani.

Jumamosi nyumba ya Koko ilijaa. Watu wa kanisa, watu wa ghalani, manesi wa Pearland waliokuja na masufuria ya pilau kwa sababu Wakenya hawaendi msibani mikono mitupu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka mlango haufungi. Koko alikaa kwenye mkeka, redio mbele yake juu ya stuli, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, nami nikaikumbuka ile ya mwalimu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya redio muda wote, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie. Papa Ilunga alikaa kiti cha plastiki karibu yangu, sahani ya fufu na sombe, kile kisamvu cha kwao, magotini. Alikuwa ametulia. Ahadi yake ilikuwa inakuja saa tisa.

Saa tisa ikafika. Muziki wa kufungulia ukaanza, ule ule wa kila siku, magitaa yanacheka. Watu wakaangaliana. Jirani mmoja akasema, "Tungoje, Papa atakuja tu," na Papa mwenyewe yuko pale, ameshika tonge.

Sauti yake ikatoka. Imenona, imeshiba, ya siku nyingine.

"Byamungu, mutoto ya Koko, uko wapi? Batu banakutafuta huku na huku. Acha kujificha nyuma ya mulango. Vaa ile viatu yako nyeupe, toka inje ucheze. Wote tunakungoja weye."

Na kicheko chake. Alikuwa amekirekodi siku nyingi nyuma, kati ya vicheko vingine vingi, akiongea na ukuta. Mtu aliyejua watoto wa Mama Rehema mmoja mmoja kwa majina hakuwa na namna ya kukumbuka amemwambia nini nani kwa Jumamosi gani. Na Dallas waliambiwa waweke tangazo, wakaweka. Hakuna aliyewaambia waondoe kitu, na hakuna kule anayejua Kiswahili.

Lile tonge la Papa halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sahani. Nesi mmoja akanyoosha mkono azime redio. Koko akausukuma ule mkono.

"Acha. Banamuita."

Akainama mpaka mdomo ukakaribia kile kitambaa, akaijibu redio kama alivyokuwa anaisikia ikijibiwa siku zote. "Haiko, Papa. Byamungu haiko." Redio ikaendelea kucheka, gitaa likaingia. Akarudia kidogo kwa nguvu, kwa mtu asiyesikia vizuri, "Nakuambia haiko."

Ndipo alipoinua kichwa akamwona Papa Ilunga, pale kwenye kiti cha plastiki, mdomo umefungwa. Akamtazama yeye, akaitazama redio, akamtazama yeye.

"Weye uko hapa," akasema. "Na ule anasema mule ndani, ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Simujui, Mama," Papa akasema.

Akaweka sahani chini. Akanawa mikono kwenye beseni, kidole kimoja kimoja, akajifuta. Akapinda mgongo mlangoni akitafuta viatu vyake kati ya vile viatu vyote, na watu wakampisha. Mmoja akasema Papa anakwenda kuangalia gari lake, breakdown isije ikalichukua. Tukakubali. Mimi mwenyewe nilikubali, mpaka nikakumbuka kwamba alikuja nami, kwa gari langu.

Nikaenda dirishani. Alikuwa ameshashuka ngazi, anakata uwanja wa magari bila haraka, shati limenyooka. Nyuma yangu wimbo ulikwisha. "Musiende mbali," redio ikasema kwa sauti yake, "narudi sasa hivi." Kisha magodoro. Papa akapita geti, akashika kando ya ile barabara kubwa ambayo haina hata mahali pa kuweka mguu, kwa sababu Houston hakuna mtu anayetembea, na magari yakampigia honi moja baada ya nyingine.

Kisha kikaja kile kimya. Kirefu, kama alivyokitaka. Nyumba nzima ikainamisha vichwa. "Kama unaendesha gari, egesha," akatuambia. Nilimwona mpaka kwenye kona ya kituo cha mafuta. Hakurudi.